Je, Habari za Pwani Zimeandikwa katika Kauri ya Kichina?

Liko neno moja la Sir Mortimer Wheeler, mjuzi wa Kiingereza wa mambo ya kale, ambalo limerudiwa na waandishi wengi hata limekuwa kama mithali. Mwaka 1955 alitembelea pwani ya Tanganyika na visiwa vya Kilwa kwa muda wa majuma mawili, akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa juu ya nchi. Akasema kwamba, tangu karne ya 10 na kuendelea, habari za Tanganyika zilizofukiwa ardhini zimeandikwa katika kauri ya Kichina. Ni neno zuri, la mtu aliyejua kusema. Walakini uzuri wa neno si uthabiti wake. Kwa hiyo twataka kulipima hapa. Tena tulipime si Kilwa, lilikozaliwa, bali katika pwani iendayo kusini, toka Sudi na Mikindani hata Mtwara na Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma, nchi ambayo wa kale waliiita Mgao.

Sababu ya kufanya hivyo ni hii. Mwalimu wa Mikindani au wa Msimbati akilisoma neno lile, atatoka na watoto wake kutafuta vigae vyeupe vyenye maua ya buluu. Asipoviona, au akiona vichache tu, atawaambia nini? Kwamba babu zao hawakuandikwa?

Kwanza tuyatazame majina, maana lugha nayo hutunza kumbukumbu. Kiswahili huuita udongo huu mweupe uliochomwa "kauri", jina lile lile la simbi, kile kijumba cha mdudu wa bahari ambacho hung'aa kama kimesuguliwa kwa mafuta. Waitalia walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana lilikuwa jina la simbi kabla halijawa jina la vyombo vya Kichina, na toka kwao lugha nyingi za Ulaya zimelipokea. Mataifa mawili yaliyokaa mbalimbali yalikutana na chombo kile kile, yakakumbuka kitu kile kile cha ufukoni. Tena liko neno "sinia". Hapana nyumba ya pwani isiyo na sinia ya kupakulia wali, nayo siku hizi ni ya bati au ya aluminiamu. Lakini neno ni la Kiarabu, na shina lake ni Sin, yaani China. Mwanamke wa Mikindani aitengapo sinia mbele ya wageni ameitaja China bila kukusudia, hata kama katika kiwanja chake hapana kigae kimoja cha kauri. Jambo hili tulishike, kwa kuwa tutalirudia: yako mambo ambayo ulimi umeyakumbuka na udongo haukuyakumbuka.

Sasa chombo chenyewe. Gudulia la kale la Kichina lenye rangi ya buluu juu ya weupe asili yake, kwa sehemu kubwa, ni mji wa Jingdezhen katika jimbo la Jiangxi. Huko walichanganya vitu viwili: udongo mweupe, ambao Wazungu wameuita kaolini kwa ajili ya mlima Gaoling ulio karibu na mji, na jiwe lililopondwa likawa unga. Chombo kilipokwisha kuumbwa na kukauka, mchoraji alitia picha kwa brashi juu ya udongo ungali mbichi, kwa rangi ya kobalti. Kisha chombo kikapakwa maji mazito ya kufanya utando wa kioo, kikaingia tanuuni mara moja, katika moto wa nyuzi 1300 hivi. Kwa hiyo buluu yake imelala chini ya kioo. Haifutiki kwa kuosha, wala kwa mchanga, wala kwa miaka mia tano ya chumvi ya bahari. Ndiyo maana kigae kilichookotwa leo ufukoni chaonekana kama kimevunjika jana.

Ufundi huu ulistawi katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, China ilipotawaliwa na Wamongolia, ukaendelea chini ya wafalme wa Ming (1368–1644) na waliowafuata. Nayo kobalti ya kwanza haikuwa ya China, ilitoka Uajemi. Sahani kubwa kubwa za wakati ule zilifanywa zipate kuwafaa Waislamu wa magharibi, walao wengi katika chombo kimoja. Basi tangu kuzaliwa kwake kitu hiki, ambacho watu hukisema kuwa ni cha Kichina tupu, kilikuwa mtoto wa biashara: mwili wa China, rangi ya Uajemi, na kipimo cha karamu ya Waislamu.

Habari zilizo bora za kazi hiyo tumeletewa na mmisionari. Padre François Xavier d'Entrecolles, Mjesuiti wa Kifaransa, aliandika barua mbili ndefu juu ya Jingdezhen, moja mwaka 1712 na nyingine mwaka 1722. Hakuwa mfinyanzi, aliuliza tu, na miongoni mwa Wakristo wake walikuwako waliofanya kazi katika tanuu. Barua zake zingali zasomwa na wajuzi kwa sababu hakujitia kueleza roho ya Mchina, bali alieleza nani hufanya nini, na kwa mkono gani. Asema kwamba chombo kimoja hupita katika mikono ya watu 70. Mmoja huchora mstari wa ukingoni tu, maisha yake yote. Mwingine huchora umbo la ua, na wa tatu hulijaza rangi. Hapa watu wengi wanaosifu magudulia hukosea. Hutafuta katika mchoro moyo wa fundi mmoja, kama watafutavyo katika picha ya Mzungu. Haumo. Aliye humo ni mji mzima.

Je, kwa hiyo uzuri wake ni mdogo? Hatusemi hivyo. Ukilitazama gudulia zuri la mwanzo wa Ming utaona buluu haikulala sawasawa. Mahali pengine imekusanyika ikawa karibu nyeusi, kama wino uliopita kiasi. Mafundi wa baadaye waliiona kuwa ni ila, wakajifunza kuiondoa. Kisha wengine walioipenda wakaiga ila ile kwa makusudi. Sisi twaipenda ile ya asili, kwa sababu ndani yake brashi yaonekana bado inakwenda. Na weupe ulioachwa wazi hufanya nusu ya kazi. Vyombo vya karne ya 19 ambavyo maua yamejazana mpaka shingoni vyachosha jicho, ijapokuwa mkono uliovichora ulikuwa mwepesi.

Turudi kwa Wheeler. Kilwa alisema kweli, au karibu na kweli. Neville Chittick, aliyechimba huko katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake katika mwaka 1974, alitumia vigae vya Kichina pamoja na vile vya nchi za Kiislamu kupanga tabaka za mji, lipi la kwanza na lipi la baadaye. Katika jumba la Husuni Kubwa palipatikana chupa ya Kichina ya mwanzo wa karne ya 14. Lakini msomaji asiiwazie kuwa ya buluu: ni nyeupe, yenye kivuli kidogo cha samawati katika kioo chake. Vyombo vya kwanza vya Kichina vilivyofika pwani vilikuwa vyeupe na vya kijani. Vyenye maua ya buluu vilizidi baadaye. Tena si vyote vinavyofanana na vya Kichina vilivyotoka China. Bing Zhao, aliyevichunguza vigae vya Songo Mnara na Sanje ya Kati na kuandika habari zake mwaka 2012, aliona ni afadhali kuviita vya namna ya Kichina, kwa kuwa nchi za kusini-mashariki ya Asia nazo zilikuwa na tanuu zake.

Wala vyombo hivyo havikuletwa na Wachina wenyewe, isipokuwa labda vichache. Merikebu za Zheng He, zilizosafiri kati ya mwaka 1405 na 1433, zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Na fedha ya shaba ya mfalme Yongle imeonekana Mambrui mwaka 2010 na Manda mwaka 2013. Hayo ni ya kaskazini. Kauri iliyofika Kilwa iliuzwa na kununuliwa tena katika bandari nyingi za Hindi na Arabuni na Ghuba ya Uajemi kabla haijaingia jahazini kuja kwetu. Mwalimu asiwachoree watoto Mchina akishuka Kilwa na magudulia kichwani.

Lakini kosa kubwa la neno la Wheeler halimo katika hayo. Limo katika kitenzi: "zimeandikwa". Kigae hakiandiki habari. Chatoa tarehe tu, tena tarehe ya upande mmoja. Sahani iliyofanywa mwaka 1450 yaweza kukaa katika kidaka cha nyumba ya mtu, ikarithiwa na mwana na mjukuu, kisha ikajengwa katika nguzo ya kaburi, kama yaonekanavyo makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Aionaye aweza kusema kwamba kaburi si la kabla ya sahani. Zaidi ya hapo sahani haisemi. Haisemi aliyezikwa alikuwa nani, wala kama aliipenda, wala kama iliwekwa kwa fahari au kwa kinga. Huko Lamu wamesema kwamba chombo cha kauri hulipokea jicho la hasidi, kikapasuka badala ya mwenye nyumba. Hapana kigae kiwezacho kutuambia hayo. Tumeambiwa na watu.

Na mwenye kutaka kujua vyombo hivi vilikuwa na maana gani kwa wenyewe, asome kwanza utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliochapishwa London mwaka 1939 kwa kazi ya W. Hichens. Mshairi aonapo nyumba za matajiri wa Pate zimeanguka, hakosi kutaja madaka yaliyopambwa kwa vyombo, ambayo sasa hayana kitu ila ndege. Kwake kauri ni alama ya dunia ipitayo. Wheeler alivitazama vigae vile vile akaona kitabu cha historia. Sayyid Abdalla aliviona hoja ya kutubu. Twadhani huyu wa pili alikuwa karibu zaidi na waliovinunua.

Basi, tukija kusini, neno lile lavunjika kabisa. Mwamerika Matthew Pawlowicz aliichunguza nchi iliyo kando ya ghuba ya Mikindani, akaandika habari zake katika jarida la Azania mwaka 2012. Aliyoyaona kwa ufupi ni haya. Katika karne za mwisho za miaka elfu ya kwanza, vyungu vya watu wa Mikindani vilifanana na vyungu vya pwani yote, kuonyesha kwamba walikuwa jamaa moja na wale wa kaskazini. Kisha, wakati ule ule Kilwa ilipopanda na kutajirika, vyungu vya Mikindani viligeuka, vikawa na sura ya bara, na vitu vya kigeni vikawa haba sana. Baadaye, karne zilipopita, pwani hii ikashikana tena na biashara ya bahari. Yaani katika karne zile zile ambazo Wheeler asema zimeandikwa katika kauri, Mikindani ukurasa wa kauri ni karibu mtupu, na watu walikuwako! Walilima, walivua, walizaa, walizika wafu wao. Walikuwa na bandari nzuri, tena kituo kikubwa cha Kilwa hakikuwa mbali nao kwa jahazi. Hatuwezi kusema hawakuijua kauri. Yatupasa kusema kwamba nyuso zao zilielekea upande mwingine, upande wa uwanda wa Makonde na bonde la Ruvuma, kwa wakwe zao na watani zao, nako huko sahani ya Kichina haikuwa ndiyo heshima ya mtu.

Wengine watasema: walikuwa maskini. Yamkini wengine walikuwa. Lakini umaskini wa kauri si umaskini wa kila kitu, kama vile mtu asiye na saa hakosi kuwa na siku. Nasi twashangaa jinsi wajuzi walivyokuwa wepesi kuhesabu vigae vichache vya kigeni na kuvipita maelfu ya vigae vya kahawia vilivyolala pamoja navyo. Hata Kilwa yenyewe vigae vingi mno ni vya vyungu vya wenyeji, na vya kigeni ni sehemu ndogo. Mtu akiokota mia, atavitia mfukoni vile viwili vya buluu, kisha atasema nchi imeandikwa kwa buluu.

Hivi vya kahawia navyo vina ufundi wake. Karl Weule, Mjerumani aliyepita nchi za Masasi na Newala mwaka 1906, alipata kutazama mwanamke akifinyanga chungu, akaeleza kazi yote hatua kwa hatua: udongo ulivyopondwa, ulivyozungushwa kwa mkono pasipo gurudumu, ulivyokwaruzwa na kulainishwa, kisha moto wa wazi. Tumpe sifa yake, kwa kuwa katika miaka ile wageni wachache waliona kwamba kazi ya jikoni yastahili karatasi. Sasa tuviweke viwili hivi pamoja, gudulia la Jingdezhen na mtungi wa Newala. Cha kwanza kimepita mikono 70, na hakuna hata mkono mmoja uliokijua chote. Cha pili kimetoka katika mikono miwili, ya mtu aliyechimba udongo, akaumba, akatia nakshi, akachoma, akauza au akateka maji. Kama ni kitabu tutakacho, ambacho mwandishi wake asomeka ndani yake, mtungi una haki zaidi ya kuitwa hivyo kuliko gudulia. Hatusemi ni mzuri zaidi; moto wa wazi hauwezi kushindana na tanuu, na mtungi hupokea maji kwa ngozi yake ambapo kauri hukataa. Twasema tu kwamba aliye na macho ya kusoma kimoja na hana macho ya kusoma cha pili hajajifunza kusoma.

Kuna jambo la pili, la soko. Kwa sababu neno la Wheeler limeipa kauri heshima ya hati, watu hutafuta magudulia mazima na kuyanunua kwa bei kubwa, na walimu huletewa vyombo waseme umri wao. Hapa inafaa tahadhari. Herufi sita zilizoandikwa chini ya chombo, hata zikitaja enzi ya Chenghua wa Ming (1465–1487), si ushahidi. Mafundi wa wakati wa Kangxi (1662–1722) waliziandika mara nyingi kwa heshima ya wa kale, na wa baada yao kwa faida. Neno "China" likiandikwa kwa herufi za Kizungu, chombo si cha kabla ya mwaka 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipowalazimisha wauzaji kutaja nchi. Tena sahani nyingi za buluu zilizomo katika nyumba za zamani za pwani si za Kichina hata kidogo: zilifanywa Uingereza, au Maastricht katika Uholanzi, katika karne ya 19, na picha yake ni ya kupigwa chapa, si ya brashi. Ukitazama vema utaona mahali ambapo ncha mbili za karatasi ya chapa zimekutana na maua hayakuungana. Kigae kikiwa kimevunjika, gusa kwa ulimi pale penye mvunjiko: udongo wa kawaida hushika ulimi kwa kunyonya maji, kauri ya kweli hukaa baridi na haishiki.

Walakini hata chombo kikiwa cha kweli kabisa, kikitolewa mahali pake kimepoteza zaidi ya nusu ya maneno yake. Kama kilomita 500 kusini ya Ruvuma, karibu na Kisiwa cha Msumbiji, palizama merikebu ya Wareno kama mwaka 1558, imejaa kauri ya Ming. Ilipatikana mwaka 2001. Sehemu ya vyombo vyake ilibaki Msumbiji. Nyingine iliuzwa mnadani Amsterdam mwaka 2004, ikatawanyika katika nyumba za wenye fedha. Hao wanunuzi wamepata vyombo vizuri, lakini shehena nzima, iliyoonyesha nini kilifungwa pamoja na nini, hakuna aliyeinunua, kwa kuwa haiko tena. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na kigae cha Msimbati kimo ndani ya ulinzi huo sawasawa na gudulia la mfalme.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu walimu walioko Mikindani, Mtwara, Msimbati na vijiji vya kando ya Ruvuma, wasitume vigae; waviache vilipo, waandike mahali na kina. Kitakachotufaa zaidi ni majina. Watuandikie chungu cha kupikia ugali huitwaje, na cha mboga, na cha pombe, na mtungi wa maji, kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera, pamoja na jina la kila nakshi ya shingoni, na nani ana ruhusa ya kuitia. Na kama mahali popote kuna bibi mzee aitaye sahani ya kauri kwa neno lisilo "kauri" wala "sahani", tungefurahi kulipata neno hilo mapema, pamoja na jina la kijiji na maelezo ya jinsi alivyolitamka.